Malimbuko Kutoka Shimoni

Aikaeli, ambaye sisi wa Kirua Vunjo tunamwita Baba Kindness, aliingia kwenye uchimbaji wa madini kwa kukata miti ya mgrevilea iliyokuwa imesimama kwenye kihamba chake, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Hakuwa na kitu kingine cha kupeleka huko. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mfugaji wa ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa bandani nyuma ya nyumba, na kwa miaka mingi aliwabebea watalii mizigo mlimani mpaka goti lake la kushoto likagoma. Mawe aliyoyajua ni yale ya kupanga kwenye kingo za mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia.

Watu huuliza kwa nini mtu wa namna hiyo, mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini, aende kujifunza kuchimba vito. Swali lenyewe linakera. Kahawa iliyowasomesha wazee wetu leo haiwezi hata kumnunulia mtoto sare. Kihamba kimegawanywa na kugawanywa tena, mpaka makaburi ya mababu na banda la ng'ombe vimekuwa majirani. Wanaokuja kwa magari yenye viyoyozi kutuhutubia juu ya kujiajiri hawajawahi kushika mkasi wa kupogolea mibuni. Kindness, binti yake mkubwa, alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na amekaa nyumbani, anapanga vyeti vyake na kuvipangua. Aikaeli hakwenda machimboni kwa tamaa. Alikwenda kwa sababu alichoka kukaa mbele ya wanawe kama mgeni anayesubiri chai.

Alisikia habari za machimbo madogo ya ganeti, yale mawe mekundu ya vito, huko tambarare upande wa Same. Mpagazi mwenzake wa zamani alimwambia kwamba kuna shimo linaloongozwa na mtu anayeitwa Nikodemo, na kwamba shimo hilo lilikuwa limesimama kwa kukosa miti ya kushikilia kuta zisianguke. Aikaeli akakata migrevilea yake, akakodi nafasi kwenye lori lililokuwa linarudi tupu, akashuka nayo.

Nikodemo alikuwa mtu wa Singida, mkata miwa wa zamani, mwembamba, asiyepandisha sauti. Aliigonga ile miti mmoja mmoja kwa kisigino.

"Miti ni mizuri. Na wewe una uzoefu gani?"

"Nimechimba mifongo."

"Huo mfongo unakwenda chini kiasi gani?"

"Hauendi chini. Unafuata ubavu wa kilima."

Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kifusi akacheka mpaka akashika tumbo. Huyo alikuwa Primus, mzaliwa wa Rombo, mchimbaji tangu alipoacha shule. "Kaka Niko, umeletewa bwana shamba! Atatupandia kahawa humo ndani."

"Cheka," alisema Nikodemo, "lakini miti ni yake." Kisha akamgeukia Aikaeli. "Hapa hakuna mshahara, mzee. Mnakula pamoja, mnachimba pamoja. Jiwe likitoka, mwenye leseni anachukua sehemu yake, sisi tunagawana iliyobaki. Miti yako ndiyo kiingilio chako. Na unaliona lile kopo?"

Kwenye nguzo ya mdomo wa shimo lilining'inia kopo la maziwa ya unga, lenye mfuniko.

"Jiwe lolote unaloliona, hata kama ni dogo kama kucha, linaingia humo. Haliingii mfukoni. Hiyo ndiyo sheria, hatuna nyingine."

Aikaeli aliitikia kwa kichwa. Alielewa, kama mtu anavyoelewa maelekezo ya barabara asiyowahi kupita.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya aibu za kila namna. Alishuka kamba kwa mikono badala ya miguu, akachunika viganja. Alipiga mtalimbo kwenye mwamba kama anayefukua shina la mgomba, na chuma kikamrudi begani. Alisimama mahali ambapo vumbi linakusanyika, akakohoa mpaka wakamvuta juu kwa ndoo, amejikunja kama mtoto wa mbuzi. Primus alimwita Bwana Shamba. Epifania, mama aliyewapikia kambini, ndiye peke yake aliyemwita Baba Kindness. Simu ya Aikaeli ilikuwa ya kubonyeza na haikushika mtandao kule bondeni, kwa hiyo alimpa Epifania namba ya binti yake, ili nyumbani wakimtafuta wapitie kwake. Jioni Epifania alimpa simu yake aongee kidogo.

"Baba, mmepata?" Kindness alikuwa akiuliza.

"Bado. Tunaukaribia."

Hata yeye hakujua wanakaribia nini.

Siku jiwe lake la kwanza lilipotokea, alikuwa peke yake ukutani. Wengine walikuwa wanajaza ndoo nyuma yake. Alibandua bamba la mwamba kwa ncha ya mtalimbo, na pale, kwenye mwanga wa tochi ya kichwani, kikatokea kitu chekundu chenye ukubwa wa tunda la kahawa lililoiva. Alilitoa kwa kucha. Alilitemea mate, akalisugua kwenye suruali.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Singida au wa Dar hawezi kulijua. Kwetu, kitu cha kwanza si cha mtu. Kikapu cha kwanza cha kahawa mbivu, mkungu wa kwanza wa mgomba uliopandwa upya, maziwa ya ng'ombe aliyezaa kwa mara ya kwanza, vyote huenda kanisani. Huko, ibada ikiisha, huuzwa kwa mnada uwanjani, na fedha huingia kwenye kazi ya usharika. Hayo ndiyo malimbuko. Baba wa nyumba hawaulizi watoto kama wanakubali, wala hamuulizi mama. Aikaeli alikuwa amefanya hivyo tangu alipooa. Ng'ombe wake alipozaa, aliondoka na ndoo ya maziwa watoto wakimtazama, na hakuna aliyelia.

Kwa hiyo alipolishika lile jiwe, hakuona kwamba anaiba. Aliona kwamba jiwe hili si lake, na si la akina Nikodemo pia. Ni la kwanza, na la kwanza lina mwenyewe.

Lakini alilificha kwenye soksi. Hilo mwenyewe aliligundua alipokuwa anavutwa juu. Kama lilikuwa la Mungu, lilifanya nini kwenye soksi? Alilitupa swali hilo chini kama kokoto, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani Sikukuu ya Mavuno. Nikodemo akampa bila kuuliza.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, kuku waliofungwa miguu, vikapu vya parachichi, na katikati yake sahani ya bati yenye kipande cha kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa, jiwe. Mchungaji alilinyanyua tulione. "Baba Kindness ametufundisha," alisema, "hata shimoni Mungu hasahauliwi." Tulipiga makofi. Kanisa zima lilipiga makofi.

Uwanjani mnada uliendeshwa na mzee wa kanisa Ndelilio, ambaye akishika jogoo anaweza kumfanya mtu auze baiskeli amnunue.

"Jamani, hili si yai, halivunjiki! Nani anaanza?"

"Linaliwa na nini?" vijana wa kwaya walipiga kelele.

"Linaliwa na macho! Anza kulila, wewe ambaye sadaka yako hatujaiona tangu Pasaka!"

Watu wakaangua kicheko. Godwin, mfanyabiashara aliyekuwa amekuja kutoka Dar kumwona mama yake, akataja bei. Mwingine akapandisha. Godwin akashinda, kisha akafanya kile tunachokipenda sana kwenye minada yetu: akalirudisha liuzwe tena. Likauzwa, likarudishwa, likauzwa. Mara ya mwisho Godwin alilinunua akamwekea kiganjani mama yake, bibi Evelyn, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini kwa ukumbi. Akina mama walipiga vigelegele. Yuditha, mke wa Aikaeli, alicheza mpaka kitenge kikamlegea kiunoni. Kindness alirekodi yote kwa simu yake, akaiweka video kwenye status na maneno: Baba yangu, mchimbaji.

Na Epifania alikuwa na namba ya Kindness.

Aikaeli alipofika kambini Jumatatu, wenzake hawakuwa wameshuka shimoni. Walikuwa wamekaa kwenye magogo, ile ile migrevilea ambayo ilikuwa haijatumika. Alisalimia, wakaitikia chini chini. Akaenda jikoni.

"Chai ipo, mama?"

"Ipo ya wachimbaji," alisema Epifania, na hakugeuka.

Nikodemo alimwita. Alikuwa ameshika simu ya Epifania. Akaibonyeza, na sauti ya mzee Ndelilio ikajaa pale kambini: *Hili si yai, halivunjiki!* Vikafuata vicheko, makofi na vigelegele. Kule Kirua vigelegele vile vilikuwa furaha. Pale tambarare vilisikika kama watu wanaomzomea mtu.

"Hilo jiwe limetoka wapi, mzee?"

"Humu."

"Lilipita kwenye kopo?"

Aikaeli alijaribu kueleza. Alieleza juu ya kikapu cha kwanza, mkungu wa kwanza, maziwa ya kwanza. Alisema sikuuza, sikula hata senti. Alivyozidi kueleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua, kwa sababu walikuwa wanamsikiliza kwa makini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anambishia.

Primus ndiye aliyejibu, na safari hii hakucheka. "Bwana Shamba, ng'ombe ni wako. Maziwa ni yako. Ukitaka mmwagie hata mchungaji kichwani. Hili shimo nimelichimba mimi tangu juu, wewe hujafika. Mama yangu anasali Katoliki kule Rombo, kila mwaka anapeleka kuku kwa sababu mwanawe hajamtumia kitu. Umemtolea nani limbuko langu? Na makofi yangu yako wapi?"

Aikaeli aliangalia chini, akaona viatu vyao vyote vimemwelekea.

"Kwa sheria yetu, mtu wa hivyo anaondoka," alisema Nikodemo. "Hatupigi, hatuiti polisi. Anaondoka, na kiingilio chake kinabaki. Lakini hawa nimewaomba tukupe nafasi moja. Lirudishe jiwe. Usituletee fedha yake, wala jiwe jingine. Hilo hilo, liingie kwenye kopo kwa mkono wako. Ukishindwa, usirudi."

Alipanda mlimani siku hiyo hiyo. Njia nzima alikuwa akipanga jinsi ya kulipata jiwe bila mtu kujua, na hilo peke yake linatosha kueleza hali aliyokuwa nayo. Yuditha alipoambiwa, alikaa kwenye kigoda jikoni akafunika uso kwa upindo wa kanga.

"Nilicheza, Baba Kindness. Mbele ya watu wote nilicheza."

"Najua."

"Basi mpigie Godwin kimya kimya. Mwambie limeonekana lina kasoro. Usiende kwa watu."

Alimpigia. Godwin alicheka kwa ukarimu wa mtu ambaye hana anachopoteza. "Shemeji, jiwe ni la mama sasa. Akikupa, chukua. Ila usimwambie mengi, presha yake inapanda."

Kabla ya kwenda kwa bibi Evelyn alipita kwa mzee Ndelilio, kwa sababu alijua kwamba kwetu kitu kilichotolewa sadaka hakichukuliwi mlango wa nyuma. Aliomba asimame kwenye matangazo Jumapili aseme ukweli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, karibu, mtu wetu wa madini!"

Alipomaliza kueleza, uso wa mzee ulikuwa umekunjamana.

"Kilichokwenda madhabahuni hakirudi."

"Hata kama ni cha watu?"

"Kimeombewa, Aikaeli. Yameisha. Mavuno ya mwaka huu yamevuka ya mitaa yote, dayosisi wametupongeza. Unataka usimame useme tuliuza kitu cha wizi? Utatuvua nguo wote kwa ajili ya jiwe kama punje ya harage?"

Nalisema hili bila kuficha, maana limenikaa kooni tangu nilipolisikia. Wachimbaji wa kule tambarare, ambao tunawahubiria juu ya ulevi, walitaka ukweli tu. Sisi wenye kengele na vitabu vya nyimbo tulitaka kunyamaza, kwa sababu mnada ulikwenda vizuri.

Jumapili nafasi ya matangazo hakupewa. Alikaa ibada nzima kwenye benchi la nyuma. Ibada ilipoisha na mzee Ndelilio akanyanyua mkungu wa kwanza uwanjani, Aikaeli akatoka kwenye kundi akasimama kando yake. Watu wakaanza kupiga makofi, wakidhani ameleta jiwe jingine. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alilazimika kunyanyua mkono kutuzuia.

"Msipige," alisema. "Lile jiwe halikuwa langu. Lilikuwa la watu ninaochimba nao. Nililificha nikalileta hapa. Naomba nirudishiwe, nilipeleke."

Mzee Ndelilio alibaki na mkungu mabegani, hajui aushushe au auuze. Jogoo mmoja alikuwa akijipigapiga kwenye majani. Mtu nyuma alisema, "Kumbe," na neno hilo likatembea uwanja mzima. Vijana wawili wa kwaya walicheka. Kindness aliweka simu mfukoni, akatazama viatu vyake. Wengi wetu tulitazama viatu vyetu.

Mchungaji akasogea, akamshika Aikaeli bega, akasema kwa sauti ya kufunga mambo, "Tumesikia, ndugu, Bwana amekusamehe." Makofi machache yakaanza tena, yale ya kumsindikiza mtu akae. Aikaeli hakukaa.

"Asante, Mchungaji. Lakini bado sina jiwe."

Ndipo bibi Evelyn alipogonga fimbo yake chini. Alifungua fundo kwenye ncha ya kanga, akatoa lile jiwe, akanyoosha mkono nalo mbele kama mtu anayetoa kitu kilichoanguka kwenye chakula.

"Njoo uchukue, umenisimamisha juani. Nilimwambia Godwin mapema aninunulie mbuzi, akaniletea hiki. Kinakwaruza, na hakisemi kitu."

"Shikamoo, bibi. Asante, bibi."

"Marahaba. Nenda."

Alipita katikati yetu akiwa amelifumbata. Tulimpisha. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwambia pole. Kindness alimfuata mpaka barabarani, akatembea nyuma yake hatua kadhaa, kisha akamshika mkono ule mwingine. Mzee Ndelilio, baada ya kukohoa kidogo, aliuza ndizi.

Kambini alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akafungua kopo, akaliachia jiwe ndani mbele ya wote. Humo yalikuwamo mengine, kwa sababu wiki hiyo mwamba ulikuwa umeanza kutoa. Wakati yeye hayupo, walikuwa wamefikia kile alichokuwa akimwambia binti yake kwamba wanakikaribia.

"Limefika?" aliuliza Nikodemo.

"Limefika."

"Haya. Lakini ukuta wa mwamba hutaugusa mpaka sisi wote tukubali. Utakaa juu, utavuta ndoo. Mgawo wa mwamba huu haukuhusu. Utaanza unaofuata."

Aikaeli alikwenda kushika kamba. Kutoka chini shimoni sauti ya Primus ikapanda, imebadilisha jina.

"Malimbuko! Vuta, Malimbuko, imejaa!"

Akavuta.

Yuko huko mpaka leo, na jina limemshika. Wanunuzi wa mawe wanalijua, Epifania analitumia akipakua ugali, na hata Kirua limefika, ingawa kwetu linasemwa kwa kunong'ona. Ukuta wa mwamba ameshaugusa tena, walimkubalia wote isipokuwa Primus, halafu Primus naye akachoka kukataa. Nilipomtembelea nilimwuliza, kwa hasira zaidi yake, kwa nini hawakatazi wamwite vile, mtu mzima mwenye watoto.

Alikuwa ananoa ncha ya mtalimbo.

"Waache," alisema. "Hilo jina sikumchukulia mtu."

Kisha akainama tena kwenye chuma, na masikio yake, niliona, yalikuwa yamewaka.